Amana ya Watoto wa Jukwaani

Katika nyumba za tamthilia za Uingereza ipo kazi moja ambayo mtendaji wake hatoki mbele ya pazia kuinama pamoja na wachezaji mwisho wa usiku, wala watazamaji hawana habari kwamba yupo. Na hata hivyo, pindi asipokuwapo, mtoto aliyepewa ruhusa ya kucheza na asiyekuwa na mzazi au mwalimu wake mahali pale hawezi kutia mguu jukwaani. Mtu huyo ni mwangalizi wa watoto. Hupewa leseni na halmashauri ya mahali anapokaa, hulipwa ujira na wenye mchezo, na hubeba, tangu mtoto apokewe mlangoni hata arejeshwe mikononi mwa wazazi wake, dhamana ile ile ambayo mzazi mwema angalikuwa nayo. Mimi nimeifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa katika mji mmoja wa katikati ya nchi ile, na katika kurasa hizi nakusudia kueleza jinsi nilivyoingia, na niliyoyaona, na kwa nini nimesadiki kwamba kila mtoto anayetumbuiza watu hana budi kuwa na mtu mzima mmoja karibu naye ambaye hana haja yoyote na utumbuizaji wake.

Sikuitafuta kazi hii. Ilinijia kwa ujirani. Nilikuwa nimetoka Mombasa zamani, nimeolewa, nimezaa, na wanangu wamekwisha kuwa wakubwa wa kunikatalia kushikwa mkono barabarani, wakati jirani yangu, mwanamke mwenye asili ya Jamaika, alipopata habari kwamba binti yake wa miaka 8 amechaguliwa kucheza ngoma katika mchezo wa Krismasi. Furaha ya habari ile haikukaa sana kabla ya kufuatwa na hofu, kwa kuwa mama yule alikuwa muuguzi wa zamu za usiku, na alidhani kwamba hapana mwingine atakayekaa na mtoto huko ukumbini ila yeye. Akaja kwangu na barua ya wenye mchezo, iliyosema kwamba watoto watakuwa chini ya waangalizi wenye leseni, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, kwamba waangalizi zaidi wanatafutwa. Tuliisoma barua ile mara mbili mezani kwangu; mara ya kwanza kwa ajili yake, na mara ya pili kwa ajili yangu.

Nilipompigia simu mama Mombasa kumpasha habari, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kazi gani hiyo, mwanangu, ya kukaa na watoto wa watu gizani?"

"Ni kuwaangalia, mama, wasidhurike."

"Na mama zao wako wapi?"

"Wengine kazini. Wengine wamekaa mbele, wanatazama."

"Haya," akasema. "Basi ukiwaangalia, waangalie kweli. Usiwe na wewe wa kutazama."

Leseni yenyewe haipatikani kwa siku moja. Mwombaji huandika fomu, hutoa picha, hutaja watu wasio jamaa zake wa kumshuhudia tabia, hupita katika mafunzo ya kuwalinda watoto na madhara, kisha hufanyiwa usaili. Juu ya hayo yote, taarifa zake za polisi hupekuliwa hata chini kabisa, na jina lake hulinganishwa na orodha ya watu waliokatazwa kufanya kazi na watoto. Upekuzi huu ulikazwa baada ya msiba: mwaka 2002, katika mji mdogo wa Soham, wasichana wawili wa miaka 10 waliuawa na mtu aliyekuwa mtunzaji wa shule, ambaye tuhuma zake za nyuma zilikuwa zikijulikana na polisi wa jimbo jingine ila hazikumfikia aliyemwajiri, na ripoti ya uchunguzi wa Sir Michael Bichard, iliyotolewa mwaka 2004, ndiyo iliyoleta mageuzi ya utaratibu ambao tangu mwaka 2012 umekuwa mikononi mwa idara iitwayo Disclosure and Barring Service. Kwa kuwa mimi nilikuwa nimeishi nje ya Uingereza, nilitakiwa pia nilete cheti cha tabia njema kutoka Kenya. Nikachukuliwa alama za vidole vyote kumi, zikapelekwa Nairobi, nikangoja. Rafiki zangu walinipa pole kana kwamba nimevunjiwa heshima, lakini mimi, wallahi, sikuona taklifu. Mtu akinitaka nimpe mwanangu, naye akakasirika nikimuuliza yeye ni nani, basi jibu langu nimekwisha lipata.

Usaili ulifanywa katika chumba kidogo cha halmashauri na bibi mmoja wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni, ambaye aliniwekea kikombe cha chai mbele yangu na asinipe nafasi ya kukinywa. Hakuniuliza kama nawapenda watoto. (Baadaye alinieleza kwamba kila mwombaji husema anawapenda, na kwamba jibu hilo halina kipimo.) Aliniuliza hivi: "Una watoto 12, na huo ndio mwisho wa idadi ambayo sheria inamruhusu mwangalizi mmoja. Mmoja anatapika. Wawili wanatakiwa jukwaani baada ya dakika 5. Na mama wa mwingine yuko mlangoni, anataka kuonana na mwanawe sasa hivi. Utafanya nini kwanza?"

"Nitamwita mwenzangu," nikasema.

"Huna mwenzako."

"Basi jukwaa lingoje."

Akaandika neno katika karatasi yake, wala hakuniambia ni neno gani. Kisha akauliza kama nimewahi kukaa na watoto wanaotumbuiza watu, na mimi, ambaye sikuwahi kuingia nyuma ya jukwaa lolote la Kizungu, sikuwa na la kumsimulia isipokuwa maulidi ya kwetu. Nikamweleza jinsi katika Mfungo Sita watoto wa chuo tulivyokuwa tukipangwa kwa safu, tumefukizwa udi, tumevishwa kanzu na mabuibui mapya, tukasoma kasida kwa matari mbele ya umati mpaka usiku mkubwa. Na jinsi shangazi yangu alivyokuwa akikaa nyuma ya safu ya wasichana, mgongo ukutani, ana kikapu chenye maji na kaimati na leso mbili za kufunikia waliolala. Shangazi hakuwa msomaji wala hakuwa mwalimu. Hakuangalia kama tunasoma vizuri. Aliangalia nani anasinzia, nani anabana miguu kwa haja, na nani ameshikwa bega na mtu asiyemjua. Afisa yule aliniuliza, "Na mwalimu akitaka mwendelee?" Nikasema kwamba shangazi hakuwa akiomba ruhusa, alikuwa akimshika mtoto mkono na kuondoka naye. Hapo bibi yule alicheka kwa mara ya kwanza, akanisogezea chai, ambayo ilikuwa imekwisha poa.

Sheria niliyofundishwa baada ya hapo si ngumu kuifahamu, ingawa ni ngumu kuisimamia. Asili yake ni sheria ya watoto na vijana ya mwaka 1963, na kwa England kanuni zinazotumika sasa ni za mwaka 2014, zilizoanza kazi mwaka 2015. Mtoto wa miaka 5 hata 8 haruhusiwi kuwa mahali pa mchezo zaidi ya saa 8 kwa siku, wala kucheza na kufanya mazoezi zaidi ya saa 3 kwa jumla katika siku hiyo. Wa miaka 9 na zaidi huruhusiwa saa 9 na nusu, na katika hizo saa 5 za kucheza. Na aliye chini ya miaka 5 ana saa 5 tu, mbili zikiwa za kazi. Hapana aanzaye kabla ya saa 1 asubuhi, wala anayebaki baada ya saa 5 usiku, na wadogo kabisa mwisho wao ni saa 4. Chakula kina dakika zake 45, pumziko lina dakika zake 15, na masomo yana mwalimu wake. Wavulana na wasichana waliotimiza miaka 5 huvaa katika vyumba mbalimbali. Hayo yote huandikwa daftarini kila siku: saa ya kufika, saa ya kula, saa ya kucheza, maumivu, maradhi, na saa ya kuondoka. Nimewasikia waigizaji wakubwa wakilicheka daftari lile. Mimi nililizoea upesi, na nikazijua saa za kila mtoto kama mwenye deni ajuavyo mwisho wa mwezi.

Wala asidhani msomaji kwamba tahadhari hii ni wasiwasi wa watu wa siku hizi walioshiba. Katika mwaka 1856, mjini London, katika nyumba ya Princess's Theatre iliyokuwa chini ya Charles Kean na mkewe, alikuwapo mtoto wa miaka 9 jina lake Ellen Terry, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waigizaji wakubwa wa kike wa zama zake. Mwaka ule alicheza nafasi ya Mamillius katika mchezo mmoja wa Shakespeare mbele ya Malkia Victoria, kisha akacheza Puck katika mchezo mwingine wa Shakespeare, na ilikuwa ajitokeze kutoka chini ya sakafu kwa mlango wa kificho. Mlango ukafungwa mapema, ukambana mguu, kidole kikavunjika. Ameeleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake jinsi alivyopiga kelele, na jinsi Bi. Kean alivyomwahidi kwamba akiumaliza mchezo ujira wake utafanywa maradufu. Naye akaumaliza, ameshikwa na dada yake upande mmoja na Bi. Kean upande wa pili, na ujira ukapanda kutoka shilingi 15 hata shilingi 30. Ellen Terry alikisimulia kisa hicho kwa ucheshi, kama watu wa fani yake wanavyosimulia majeraha yao, na Bi. Kean, kwa kadiri ya nijuavyo, hakuwa mkatili. Alimfunza mtoto yule mengi, na mtoto alimheshimu umri wake wote. Lakini nikisoma kisa kile huhesabu watu waliokuwa karibu na mtoto saa ile, na kila mmoja katika wao, pamoja na dada yake, alikuwa na haja kwamba mchezo uendelee. Hata mtoto mwenyewe alikuwa na haja hiyo. Hakuwapo mmoja ambaye kwake kidole kilikuwa ndilo jambo lenyewe.

Mabishano yalikuja baadaye. Mwaka 1889 Bunge lilipitisha sheria ya kuzuia ukatili kwa watoto, na humo ikakatazwa kumpandisha jukwaani mtoto aliye chini ya miaka 7, na wa 7 hata 10 wakatakiwa ruhusa ya hakimu. Watu wenye busara walisimama pande zote mbili: Millicent Fawcett, mwanamke aliyepigania haki ya wanawake ya kupiga kura, aliwataka watoto wadogo waondolewe katika tamthilia na kupelekwa shule, na Lewis Carroll, mtungaji wa hadithi ya Alice, aliwatetea, akisema kwamba watoto aliowaona jukwaani wana furaha na siha. Nami nadhani wote wawili walisema kweli. Nimewaona watoto wenye furaha jukwaani kuliko mahali pengine popote duniani, na ndiyo maana ni rahisi mno kuwachukulia zaidi ya wanachoweza kutoa. Kuhusu mali, Marekani ilijifunza kwa Jackie Coogan, mtoto aliyecheza na Charlie Chaplin katika filamu ya mwaka 1921, akachuma mamilioni, na alipokuwa mtu mzima akakuta mama yake na baba yake wa kambo wameyatumia. Mashtaka yake ya mwaka 1938 yakaleta sheria ya California ya mwaka uliofuata, ya kumwekea mtoto sehemu ya chumo lake. Katika mchezo wetu wa Krismasi hapakuwa na mamilioni ya kugombaniwa. Palikuwa na nauli, na bahasha, na picha ya ukumbusho.

Mchezo wenyewe, ambao wao huuita pantomimi, yafaa nimweleze asiyeujua, kwa sababu mgeni akiuona kwa mara ya kwanza hudhani wenyeji wamerukwa na akili. Huchezwa kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hata Januari, aghalabu mara mbili kwa siku. Hadithi yake ni ya Cinderella au Aladdin au nyingine ya namna hiyo ambayo kila mtu anaijua. Bibi mkubwa wa hadithi ni mwanamume aliyevaa nguo za kike na wigi. Na hadhira, wazee kwa wajukuu, hawakai kimya hata kidogo, bali humzomea adui akitokea na kumpigia kelele shujaa kwamba adui yuko nyuma yake, naye hujifanya hamwoni. Ndani ya zogo hilo hutokea watoto wa mji, wanafunzi wa shule za ngoma, wakicheza kama wanakijiji, au panya, au matone ya theluji. Kwa sababu ya saa zao na masomo yao hugawanywa makundi mawili yanayopokezana, na kila kundi hujiona bora kuliko lile jingine kwa mapenzi ambayo hayana dalili.

Nyuma ya pazia zogo hilo halisikiki ila kama bahari ya mbali. Dakika 35 kabla ya mchezo kuanza, sauti ya meneja wa jukwaa hutangaza katika vyumba vyote kwamba imebaki nusu saa. Nusu hiyo huhesabiwa si mpaka pazia lifunguliwe, bali mpaka wachezaji wa kwanza waitwe, nao huitwa dakika 5 kabla. Tangu hapo chumba chetu kilikuwa kikigeuka: nywele zikibanwa, viatu vikitafutwa chini ya meza, maleba yakikaguliwa vifungo, na mmoja daima, hakika daima, akikumbuka kwamba anataka kwenda msalani baada ya kwisha kufungwa mkia wa panya kwa pini sita. Kisha tulikuwa tukishuka ngazi kwa mstari, nami mbele na mwenzangu nyuma, hata kando ya jukwaa, ambako hapana mwanga ila taa ndogo za buluu, na ambako vipande vya majumba na miti hupandishwa na kushushwa kwa kamba juu ya vichwa. Hapo niliwafundisha wakae migongo ukutani na mikono wameikunja vifuani. Kutoka pale mtoto huona jukwaa likiwaka kama mchana, na uso wake hubadilika. Na nikiri kwamba mara nyingi nilitaka kugeuka nami nitazame, maana mchezo ulikuwa mzuri. Lakini maneno ya mama yalikuwa sikioni. Nilikuwa nikitazama miguu, na vifundo vya miguu, na kamba za viatu.

Usiku mgumu kuliko wote hauji mbele ya watazamaji, bali katika mazoezi ya mwisho, ambapo taa na mashine na muziki hukutanishwa na wachezaji kwa mara ya kwanza na kila kitu hukataa. Siku hiyo watoto walikuwa wamefika saa 4 asubuhi. Ilipokaribia saa 12 jioni, mashine ya theluji, iliyokuwa ikiziba tangu adhuhuri, ilianza kutoa theluji kama inavyotakiwa, na mwongozaji, mtu hodari ambaye hakuwa amekula, akasimama kitini akasema tuanze tena tangu watoto wanapoingia. Miongoni mwa watoto wale walikuwapo wanne wa miaka 8 ambao saa zao 8 zilikuwa zikiisha. Nikamwendea meneja wa jukwaa, kama ilivyo adabu ya nyumba ile, nikamwambia kwamba wanne wanaondoka. Naye akamwambia mwongozaji.

"Dakika 10," mwongozaji akasema kwa sauti ya ukumbi mzima.

Nikasema kwamba hazipo.

Akaniuliza kama najua saa moja ya jengo lile na mafundi wake inagharimu kiasi gani. Nikamjibu kwamba sijui, na kwamba afisa wa halmashauri ametuachia nambari yake ya simu, na nikitakiwa nitampigia ili amweleze mwenyewe. Aliyatupa makaratasi yake kitini. Palikuwa kimya, mafundi wakiangalia juu kana kwamba dari lina maandishi. Kisha akasema, si kwangu bali kwa hewa, kwamba watumiwe wakubwa. Na wale wa miaka 9 na zaidi, waliokuwa na nafasi hata saa 1 na nusu, wakaicheza theluji ile wakiwa pungufu ya wanne. Mwongozaji hakunisalimu tena mpaka mwaka mpya. Hilo halikuniuma. Kilichoniuma ni wale wanne wenyewe, ambao walivuliwa maleba yao wakilia kwa ghadhabu, na mmojawapo, yule binti wa jirani yangu niliyeingia katika kazi ile kwa sababu yake, akaniambia kwa uwazi kwamba mimi ni mtu mbaya. Nikamfunga shali. Nje kulikuwa na baridi kali na mama yake alikuwa akingoja, bado na sare zake za hospitali.

Kulikuwa na mvulana mmoja wa miaka 10, mchezaji bora katika kundi lake na mtoto mwenye maneno mengi, ambaye siku moja, baina ya mchezo wa mchana na wa usiku, alikaa na sahani yake bila kugombania biskuti. Hakuna aliyeona ajabu, maana alikuwa akitabasamu. Nilipopitisha mkono kwenye paji la uso wake ukarudi na moto. Akaninong'oneza upesi, kabla sijauliza neno, "Usimwambie mtu. Babu yangu amekuja leo kutoka Wales." Alikuwa amekwisha fikiri kila kitu: kwamba akitumia maji baridi usoni hatajulikana, kwamba ngoma yake ya kwanza ni fupi, kwamba atapumzika katikati. Alikuwa, kwa kadiri ya akili yake, Bi. Kean wa nafsi yake mwenyewe. Nikamwandika daftarini, nikampigia baba yake simu, nikamweka kwenye kochi, naye akanigeuzia mgongo asiseme nami tena hata alipokuja kuchukuliwa. Kiongozi wa ngoma akaisogeza safu kwa nusu hatua kila upande, na hapana mtazamaji aliyejua kwamba panya mmoja amepungua. Babu alitazama kipindi cha kwanza peke yake, kisha akaja nyuma akiwa na koti lake mkononi, akakaa kwenye ngazi.

Toka siku ile nimeacha kudhani kwamba kazi yangu ni kumlinda mtoto na watu wabaya tu. Watu wabaya wapo, na upekuzi na mafunzo ni kwa ajili yao. Kwa sababu yao kila mtoto hukabidhiwa mlangoni kwa mtu aliyeandikwa jina, na mjomba ajaye ghafla badala ya baba, awe na tabasamu zuri namna gani, hungoja barabarani mpaka baba apatikane kwa simu. Lakini aghalabu mtoto wa jukwaani huzungukwa na watu wema. Mwongozaji ni mwema, naye anataka mchezo utimie. Mzazi ni mwema, naye anataka kuona fahari. Hadhira ni wema, nao wamelipa. Mtoto mwenyewe anataka makofi kuliko chakula. Wema hao wote humsukuma upande mmoja, wala hapana mwenye nia ya kumdhuru. Mwangalizi peke yake ndiye ambaye ujira wake, nao si wa kutajirisha mtu, ni ule ule mtoto aking'ara au akisahau hatua zote. Na ndiyo sababu leseni yake hutolewa na halmashauri, si na wenye mchezo, ingawa ni wao wanaomlipa. Utaratibu huo una kasoro, kwa kuwa mtu humwogopa amlipaye, na nimewaona waangalizi wakijifanya hawaoni saa. Ila kasoro hiyo ni bora kuliko kutokuwapo mtu kabisa.

Nikija nyumbani Mombasa siku hizi, au nikivuka kwa jamaa zetu Tanga na Unguja, huona watoto wetu wakitumbuiza zaidi kuliko zamani zetu: katika mashindano ya shule ya muziki na tamthilia, katika mashindano ya kuhifadhi Kurani, katika harusi, katika matangazo ya biashara, na sasa katika simu za wazazi wao, ambapo mtoto wa miaka 4 huchezeshwa mpaka picha itoke vizuri. Vipaji vyao hunifurahisha sana, na sitaki hata mmoja ashushwe jukwaani. Lakini huangalia nyuma ya safu nione nani amekaa pale, na mara nyingi aliyekaa pale ni mwalimu anayetaka kikombe, au mzazi anayeshika kamera.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa madrasa na wa shule, na wenye vikundi vya ngoma na kasida, na wazazi wanaowapiga watoto wao picha za kuonyesha watu: msingoje serikali iwape fomu. Kabla ya shughuli yenu ijayo, mchagueni mtu mzima mmoja ambaye hana mtoto wake katika safu wala jina lake katika shindano, mjue habari zake, mpeni saa na daftari, waelezeni watoto wote mbele yake kwamba akisema basi ni basi; kisha akisema basi, hata ikiwa ni katikati ya kasida nzuri kuliko zote, mtiini.